Fundi Konde: Aliyewasha gitaa kabla mitaa haijawasha spika

Kabla hujaiona nganya ya Kayole au ya Umoja, umeshaisikia. Besi inakufikia ukiwa bado unavuka barabara, na makanga hana hata haja ya kuita. Ukishuka mtaani kuna spika ya kinyozi, spika ya mhubiri na spika ya muuza dawa ya panya ambaye maneno yake ni yale yale tangu asubuhi. Mfukoni mwako kuna simu yenye nyimbo kuliko zilizokuwa stesheni nzima ya redio enzi za babu. Kwetu Eastlands sauti imekuwa kama stima: hakuna anayeikumbuka mpaka ikatike.

Haikuwa hivi siku zote. Kuna wakati katika Nairobi hii hii mtu alioga, akavaa suti yake moja, akatoka nyumbani kwenda kuutafuta muziki. Muziki haukumfuata. Miongoni mwa watu waliogeuza mambo, mmoja aliitwa Fundi Konde. Vijana wengi hawalijui jina hilo, lakini kama umewahi kukaa sebuleni Jumapili redio ikipiga zilizopendwa, huenda gitaa lake umelisikia bila kujua ni la nani.

Kijana wa Kilifi vitani

Konde alizaliwa mwaka 1924 huko Pwani, upande wa Kilifi, katika jamii ya Wagiriama. Alipofikisha miaka 20, umri ambao wengi wenu mko chuoni au mnasaka kibarua cha kwanza, dunia ilikuwa kwenye Vita Vikuu vya Pili. Waingereza walikuwa wamechukua maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki kwenda kupigana na Wajapani katika misitu ya Burma.

Mwaka 1944 Konde aliingia jeshini, lakini kazi yake haikuwa ya bunduki. Aliwekwa katika kikosi cha burudani, kundi la wanamuziki na wachekeshaji waliopelekwa kambini kuwaliwaza askari. Kikosi hicho kilimfikisha hadi bara la Asia. Kijana wa mwambao akajikuta anaimba mbele ya umati wa wanaume kutoka kila kabila, wengine wakiwa hawajui kama watarudi nyumbani. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Wimbo wa Kiswahili ungeweza kusikilizwa na kila mtu, awe ametoka Kisumu, Tabora au Kampala.

Vita hivyo viliacha alama Eastlands hadi leo, ila tunapita juu yake kila siku. Kariokor ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa vita vya kwanza, jina lililolainishwa na ndimi zetu. Burma, soko la nyama karibu na City Stadium, ni jina lililorudi na wanajeshi wa vita vya pili. Ukila nyama pale unakula kwenye kumbukumbu ya safari ile ile aliyokwenda Konde.

Ukumbi ndio uliokuwa sebule

Nairobi aliyorudi kuishi ilikuwa imegawanywa kwa rangi. Mwafrika alipewa upande wa mashariki: Pumwani, Kariokor, Ziwani, Shauri Moyo, na Kaloleni iliyojengwa miaka hiyo ya 1940. Vyumba vilikuwa vidogo, na wanaume kadhaa waligawana kimoja. Wengi walihesabiwa kuwa wafanyakazi wa kupita tu, watu ambao makao yao halisi ni mashambani.

Kwa hiyo maisha yalihamia kwenye kumbi. Ukumbi wa Pumwani ulikuwepo tangu miaka ya 1920, na Kaloleni nayo ikajengewa wake. Huko ndiko watu walikokutana, wakasikiliza siasa, wakafunga harusi na kucheza dansi. Aliyerudi kutoka vitani alikuja na ladha mpya. Alishasikia santuri za rumba kutoka Cuba ambazo kampuni ya HMV ilikuwa ikiziuza Afrika, na alitaka muziki wa kumkamata mtu kiunoni na kuzunguka naye polepole.

Konde aliuelewa mtindo huo. Alichukua mapigo ya rumba, akachanganya na utamu wa Pwani, akaimba kwa Kiswahili laini ambacho hata mgeni wa juzi Nairobi angekielewa. Hakupiga kelele. Aliimba kama mtu anayekuambia siri, na waimbaji wenzake, akiwemo Paul Mwachupa, wakiifuata sauti yake kwa karibu kama kivuli.

Gitaa linapewa stima

Mtu mwingine muhimu katika maisha yake alikuwa Peter Colmore, Mwingereza aliyehusika na burudani za jeshi wakati wa vita. Amani iliporudi, Colmore aligeukia biashara ya muziki na matangazo jijini, na Konde akawa miongoni mwa wasanii wake. Wakarekodi nyimbo zilizotoka kwa chapa ya HMV.

Ni katika kazi hizo ambapo Konde alishika gitaa la umeme. Wanaofuatilia historia ya muziki wetu humhesabu miongoni mwa wa kwanza kabisa kulipiga na kulirekodi nchini Kenya. Leo mtu anaweza kuuliza, kwani kuna nini hapo? Kuna mengi.

Fikiria ukumbi uliojaa. Viatu mia mbili vinakwaruza sakafu, watu wanacheka, glasi zinagongana. Gitaa la kawaida, lile la mbao na tundu, linamezwa. Anayelipiga anabaki kufanya kazi ya kusindikiza ngoma na akodioni. Gitaa la umeme lina sumaku chini ya nyuzi. Uzi wa chuma ukitikisika, sumaku ile inageuza mtikisiko kuwa mkondo mdogo wa umeme, nao unapelekwa kwenye amplifaya na kutoka kwenye spika ukiwa mkubwa. Mpigaji haongezi nguvu za mkono. Anaweza kugusa uzi kwa upole na mtu wa nyuma kabisa akamsikia.

Kipaza sauti kilifanya vivyo hivyo kwa koo. Kabla yake, mwimbaji wa ukumbini alihitaji mapafu ya kumfikia aliye mlangoni. Baada yake, mtu angeweza kunong'ona. Mtindo mzima wa Konde, ule wa upole, ulitegemea mashine hizo mbili. Tangu hapo gitaa likasogea mbele ya bendi za Afrika Mashariki na halikurudi nyuma kwa miongo mingi. Aliyekuja baadaye na benga, na aliyekuja na twisti, wote walikuta njia imeshafyekwa.

Jambo jingine ni santuri yenyewe. Sahani za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi tu. Ulizidisha hadithi, ukakatwa. Ilibidi mtunzi afikirie upya: aingie vipi, aseme nini, atoke lini. Mazoea ya wimbo wa dakika tatu, ambayo nyinyi mnaotengeneza ngoma kwenye laptopu bado mnayo, yalizaliwa na kipimo cha sahani ile iliyovunjika ukiiangusha.

Sauti inatoka ukumbini

Santuri ikahamisha muziki. Sasa mwenye gramafoni alikuwa na bendi mezani kwake, na mwenye duka aliweza kuwakusanya watu barazani. Redio nayo ikaanza kutangazia Waafrika kwa Kiswahili, na wimbo uliorekodiwa Nairobi ukasikika kijijini siku moja na mjini.

Mojawapo ya nyimbo za Konde inaitwa *Majengo Siendi Tena*. Majengo ziko nyingi katika miji ya Afrika Mashariki, ila mtu wa Nairobi akilisikia jina hilo fikira zake zinakwenda Pumwani moja kwa moja: nyumba za Waswahili, chai na mahamri, uswahiba na vishawishi vya kila namna. Mtaa ambao serikali iliuona kama tatizo la afya na usalama uliingia kwenye wimbo kama mahali ambapo watu wanaishi, wanapenda na wanajuta.

Hilo lina uzito ukikumbuka miaka yenyewe. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Aprili 1954 majeshi yalizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, na mitaa ya Eastlands ikapekuliwa nyumba kwa nyumba huku maelfu ya watu wakibebwa kwenda vizuizini. Magari ya serikali yalipita na vipaza sauti yakiamuru watu nini cha kufanya. Kifaa kile kile kilichombembeleza mchezaji dansi ukumbini sasa kilimtoa mtu kitandani. Wakazi wa Bahati na Kaloleni walijifunza mapema kwamba mwenye spika kubwa ndiye anayeamua mtaa utasikia nini.

Halafu kuna biashara. Colmore aliona kwamba wimbo unaweza kuuza bidhaa, akawatumia wanamuziki kutangaza vitu vya dukani, kuanzia soda hadi dawa ya maumivu. Konde mwenyewe ana wimbo uitwao *Jambo Sigara*, na jina hilo linajieleza. Siku hizi tukiona msanii anatia chapa ya kampuni kwenye video tunasema ni mambo ya kisasa. Si ya kisasa hata kidogo. Yamekuwepo hapa Nairobi tangu kabla ya uhuru.

Kunyamaza

Kisha upepo ukageuka. Kufikia miaka ya 1960, studio ya Equator Sound ilikuwa na vijana wake, akina Fadhili William na Daudi Kabaka. Twisti ikashika kumbi, Wakongo wakaja na magitaa matatu kwa mpigo, benga ikapanda kutoka Nyanza. Nyimbo za Konde zikawa zilizopendwa, na mwenyewe akatoweka kwenye jukwaa.

Hapa ndipo maisha yake yanatuhusu zaidi. Wakati ule desturi ya biashara ilikuwa mwanamuziki kulipwa mara moja, anapomaliza kurekodi, halafu sahani inakwenda zake. Redio inapiga, baa inapiga, jirani anapiga, na mfukoni mwa mtunzi hakuna kinachoingia. Sauti iliweza kusafiri bila mwenyewe. Kwenye dansi la ukumbini hilo halikuwezekana: uliyemsikia ndiye uliyemwona, na ukifurahi ulimtunza pale pale.

Bahati yake ni kwamba aliishi hadi kukumbukwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bendi ya Them Mushrooms ilishirikiana naye kuzifufua nyimbo zake, na kizazi ambacho hakikuwahi kuona gramafoni kikazicheza. Mwaka 1994 santuri zake za kati ya 1947 na 1956 zilikusanywa kwenye CD iliyotolewa London. Alifariki mwaka 2000.

Miaka hiyo hiyo Eastlands ilikuwa inatafuta sauti mpya. Kalamashaka walikuwa wameshaiweka Dandora kwenye ramani kwa Sheng', na Calif Records, studio iliyobeba jina la mtaa wa California, ilikuwa inaanza kupika genge. Hakuna aliyesimama kukabidhi kijiti. Mmoja aliondoka na wengine wakaingia, mtaa ukaendelea.

Leo hatua imesogea tena. Kuna Wakenya ambao sanaa yao ni sauti yenyewe, hata bila wimbo. KMRU, mjukuu wa mwanamuziki Joseph Kamaru na mrithi wa jina lake, hurekodi milio ya mazingira, mvua, magari, watu, akaitengeneza kuwa kazi inayosikilizwa kwenye matamasha na kumbi za sanaa ng'ambo. Kelele ya stendi ya mathree, ambayo sisi tunaikimbia kwa kuziba masikio na earphone, kwake ni malighafi.

Na wewe mwenye biti tatu kwenye simu, uko kwenye mstari huo huo. Una studio ambayo Konde hangeiota, na wasikilizaji wako hawahitaji kuvaa suti kukufuata. Lakini swali lililompata yeye bado linakusubiri: ngoma yako ikishatoka ikaanza kupigwa kwenye nganya, kwenye klipu za watu usiowajua na kwenye matangazo, nani atajua ni yako? Liandike jina lako kwenye faili. Mkikubaliana na prodyusa nani anamiliki nini, wekeni kwenye karatasi kabla ya kurekodi, si baada ya wimbo kuvuma. Konde angalau alikuwa na jina lililochapwa katikati ya sahani, na ndiyo sababu miaka 40 baadaye watu waliweza kumtafuta.

Jumapili hii redio ikifika kwenye zilizopendwa, usibadilishe stesheni haraka. Sikiliza lile gitaa linaloingia polepole, halina papara, linasikika hadi chumba cha pili. Likiwa lake, mwambie uliye naye ni nani anayelipiga.