Walter Shewhart: Mwasisi wa Mchoro wa Kupimia Ubora

Walter Andrew Shewhart alizaliwa tarehe 18 Machi 1891 huko New Canton, jimbo la Illinois, Marekani. Alisomea fizikia na kutunukiwa shahada ya uzamifu na Chuo Kikuu cha California mnamo 1917. Mwaka uliofuata aliajiriwa na Western Electric, kampuni iliyounda vifaa vya simu.

Enzi hizo ubora ulikaguliwa bidhaa ikiwa tayari: nzima iliuzwa, mbovu ikatupwa. Kasoro zilipozidi kidogo, lawama zilimwangukia mfanyakazi, au mtambo ukarekebishwa papo hapo. Shewhart aling'amua kuwa marekebisho ya pupa huweza kuzidisha kasoro. Hakuna kazi izaayo matokeo yaleyale kila siku. Basi, ni tofauti ipi iliyo ya kawaida, na ni ipi yenye kisababishi maalumu?

Tarehe 16 Mei 1924 alimwandikia mkuu wake waraka mfupi wenye mchoro sahili. Mstari wa kati ulionyesha wastani. Mistari ya juu na chini ilionyesha mipaka. Nukta za matokeo zikitawanyika ndani ya mipaka bila mwelekeo maalumu, mchakato ni tulivu. Atakaye matokeo bora zaidi sharti aubadilishe mchakato wenyewe. Nukta ikitoka nje ya mipaka, kisababishi chake kitafutwe. Hivyo, kilichotahiniwa kwanza kikawa mchakato, si mtu.

Alifanya kazi katika maabara za Bell kuanzia 1925 hadi alipostaafu mnamo 1956. Kitabu chake cha 1931 kiliuweka msingi wa taaluma hiyo, naye W. Edwards Deming akayaeneza mawazo yake nchini Japani. Shewhart alifariki tarehe 11 Machi 1967.

Katika miaka ya 1980, Watts Humphrey wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyatumia mawazo hayo kutathmini uundaji wa programu za tarakilishi. Dosari zinazogunduliwa katika kila ukaguzi huweza kuchorwa kama nukta zilezile. Hata hivyo, programu si parafujo. Kila moja ni kazi mpya, hivyo mchoro wahitaji msomaji makini. Aidha, mchoro ukigeuzwa fimbo ya kuwachapia waundaji, wataficha dosari, nao utakosa maana.

Tumezoea kusema kuwa samaki mmoja akioza wote wameoza. Shewhart alitufunza kulichunguza tenga kabla ya kumhukumu samaki.