Al-Jahiz, Mchuuzi wa Samaki Aliyekesha na Vitabu

Wako watu miongoni mwetu wanaodhani kuwa kupenda kusoma ni jambo la wenye nafasi: mtu awe na mali, na nyumba ya utulivu, na kabati la vitabu aliloachiwa na babake, ndipo asome. Na wako wengine wanaodhani kuwa kitabu ni kile kisomwacho chuoni tu, na kwamba mtu akisha kuhitimu, amemaliza. Kwa ajili ya makundi haya mawili tumeona ni vyema kueleza khabari za Abu Uthman Amr bin Bahr, ajulikanaye kwa lakabu ya Al-Jahiz, yaani mwenye macho yaliyotokeza.

Alizaliwa Basra, mji wa bandari katika Iraq, karibu na mwaka 160 wa Hijra, nao ni kama 776 miladi. Jamaa zake walikuwa mafakiri, na imepokewa kuwa babu yake alikuwa mtu mweusi, mwendesha ngamia. Yeye mwenyewe katika ujana wake alionekana akiuza mikate na samaki kandokando ya mfereji wa Sihan. Lakini umaskini haukumzuia kutafuta ilimu. Alihudhuria darsa za msikitini, akasoma lugha kwa Al-Asmai na Abu Ubayda, na akenda uwanja wa Mirbad kuwasikiliza mabedui wakisema Kiarabu chao safi.

Katika ujana wake huo ndipo karatasi ilipoanza kufanywa Baghdad, katika ukhalifa wa Harun Rashid, na vitabu vikazidi kuenea. Waliovinakili na kuviuza waliitwa warraq. Al-Jahiz hakuwa na fedha za kununua vitabu vyote alivyovitamani, basi akafanya hila njema: alikodi maduka ya wauza vitabu kwa usiku, akalala humo akisoma. Wamesema waliomjua kwamba hakikupata kumfikia mkononi kitabu ila alikisoma mpaka mwisho, kiwe cha namna gani.

Mamake alichoka na mambo hayo. Yasimuliwa kuwa siku moja aliomba chakula, mamake akamletea sinia iliyojaa madaftari, kwa kuwa hayo ndiyo pekee aliyokuwa akiyaleta nyumbani. Kijana akatoka kwa huzuni akenda msikitini. Huko akakutana na mtu mwenye uwezo, akamweleza yaliyompata, na mtu yule akampa fedha. Al-Jahiz akanunua unga na vyakula vinginevyo, akarejea navyo akifuatwa na wapagazi. Mamake alipouliza vimetoka wapi, akamjibu kuwa vimetoka katika yale madaftari aliyomwekea siniani.

Zama hizo vilikuwa vikifasiriwa kwa Kiarabu vitabu vya Wayunani na Waajemi na Wahindi. Al-Jahiz alivisoma, lakini hakuvisoma kwa kufuata tu. Katika kitabu chake kikubwa cha wanyama, Kitab al-Hayawan, chenye sehemu saba, alitaja maneno ya Aristotle, na alipoona hayapatani na yanayoonekana kwa macho, aliyakataa. Ndani yake mna mjadala mrefu baina ya mwenye mbwa na mwenye jogoo, mna aya na hadithi, mashairi na maskhara, na mwanzoni mwake mna sifa ndefu za vitabu. Kadhalika alitunga kitabu kizima juu ya mabakhili, Kitab al-Bukhala, na kingine juu ya ufasaha, Al-Bayan wat-Tabyin. Mambo ambayo watu waliyaona ni madogo, ya sokoni na ya majumbani, yeye aliyafanya kuwa ilimu.

Njia hiyo haikuwa nyepesi. Al-Jahiz ameeleza kuwa alipotunga kitabu kizuri akakitia jina lake, watu walikitia ila. Na alipotunga kilicho dhaifu zaidi akakinasibisha na mtu mashuhuri wa zamani, kama Ibn al-Muqaffa, walikikimbilia na kukinakili. Walilitazama jina, wakayaacha maneno.

Khabari moja yatuhusu sisi watu wa pwani. Ametunga risala ya kuwatetea watu weusi na kutaja fahari zao, na humo amewataja Wazanji wa Qanbalu na wa Lanjuya, ambako wataalamu wengi wanaona ni Pemba na Unguja. Hata hivyo, katika vitabu vyake vingine hayakukosekana maneno ya kuwadharau Wazanji hao hao. Na katika itikadi alikuwa Muutazila, nasi hatumfuati katika hilo. Twayataja yote mawili kwa sababu msomaji hana budi kupima: huchukua lililo jema na huliacha lisilofaa, kama Al-Jahiz alivyofanya kwa Aristotle.

Alipata heshima Baghdad na Samarra kwa makhalifa na mawaziri, kisha akarudi Basra, akapooza upande mmoja wa mwili, na bado akaandika. Alifariki mwaka 255 wa Hijra, baina ya 868 na 869 miladi. Waandishi waliokuja baadaye wamesimulia kuwa aliangukiwa na vitabu vyake. Ikiwa ni kweli au si kweli, watu hawakuona ajabu kumsadiki anayesema hivyo.

Basi tujiulize. Mtoto wetu akionekana na kitabu cha safari, au cha wanyama, au cha nyota, twamwambia apoteza wakati wake. Vitabu tulivyoachiwa na wazee twavifungia makabatini mpaka vikaliwa na wadudu, na jirani akija kuazima twatoa udhuru. Mchuuzi wa samaki alitoa fedha yake apate kulala pamoja na vitabu vya watu. Sisi twalala navyo nyumba moja wala hatuvifungui. Tuyafungue makabati hayo, tumwazime mwenye kutaka, na mtoto akituletea madaftari nyumbani tusiyadharau. Mwenyezi Mungu atuzidishie ilimu yenye manufaa. Amin.