Ben Hogan: Mcheza gofu aliyeanza upya kwa pigo fupi

Kila mahali gofu inapochezwa, jina la Ben Hogan linajulikana. Mmarekani huyu alizaliwa 1912 na kufariki 1997. Alishinda mara 9 katika mashindano makubwa kabisa ya mchezo huo, na 6 kati ya ushindi huo aliupata baada ya ajali ya gari iliyowafanya wengi waamini kwamba hatatembea tena sawasawa.

Watu wengi humkumbuka kwa vikombe vyake. Katika makala haya tunataka kuangalia jambo lililokuja kabla ya vikombe, yaani namna alivyojifunza kupiga mpira. Alijifunza vibaya kwanza, akalipa gharama yake kwa miaka mingi, kisha akajifunza tena kwa kuanzia na pigo fupi na kulirefusha kidogo kidogo.

Gofu kwa ufupi

Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kufika kwenye uwanja wa gofu, mchezo wenyewe uko hivi. Mchezaji ana mpira mdogo mgumu, wenye upana wa sentimita 4 na kidogo, na mfuko wa fimbo zisizozidi 14. Anatakiwa kuupiga mpira huo kutoka mahali pa kuanzia hadi uingie kwenye shimo lililo mbali, mara nyingi mita 300 au 400. Mashimo ni 18, na anayeyamaliza kwa mikwaju michache zaidi ndiye mshindi.

Mpira umetulia chini na hakuna anayekuja kukunyang'anya, kwa hiyo mtu anaweza kudhani ni kazi rahisi. Ugumu uko kwenye pigo. Fimbo inapandishwa hadi nyuma ya bega, inashuka, inaupiga mpira na kumalizikia upande wa pili, yote hayo kwa muda usiofika sekunde 2. Kosa dogo la mkono hukua kadiri mpira unavyokwenda mbali. Mpira uliokosea njia kwa mita 1 ukiwa umekwenda mita 20 bado uko karibu na ulikokusudiwa. Pembe ileile ya kosa kwa umbali wa mita 200 ni mita 10, na hapo mpira unautafuta vichakani.

Mtoto wa mhunzi

Hogan alizaliwa tarehe 13 Agosti 1912 huko Stephenville, katika jimbo la Texas. Baba yake, Chester, alikuwa mhunzi. Magari yalipoanza kuchukua nafasi ya farasi, kazi ya wahunzi ilipungua, na familia ikahamia mji wa Fort Worth. Mwaka 1922, Ben akiwa na miaka 9, baba yake alijiua kwa bastola nyumbani. Mama akabaki na watoto watatu.

Kila mmoja alilazimika kutafuta chochote. Ben aliuza magazeti kwenye kituo cha treni. Alipokuwa na miaka 11 alisikia kwamba kwenye uwanja wa gofu wa Glen Garden watoto wanalipwa kwa kubeba mifuko ya fimbo za wachezaji. Watoto hao huitwa makedi. Akaenda kwa miguu, safari ya kilomita nyingi kutoka nyumbani, na malipo yakawa mazuri kuliko ya magazeti.

Hapo ndipo alipoishika fimbo ya gofu, na hapo ndipo tatizo lake lilipoanzia. Makedi waliokuwa wakisubiri kazi walishindana kupiga mipira mbali, na aliyepiga karibu kuliko wote ndiye aliyetumwa kuiokota mipira yote. Ben alikuwa mdogo wa umbo. Ili asiwe yeye wa kuokota kila siku, alitafuta njia ya mkato. Aliikamata fimbo kwa namna iliyoufanya mpira ujipinde kwa nguvu kuelekea kushoto na kubiringika mbali ukifika chini. Umbali aliupata. Lakini mpira wa aina hiyo hauna breki, na siku ukigoma hakuna ajuaye utaishia wapi.

Miaka 10 ya kukosa

Mwaka 1930, akiwa na miaka 17, Hogan aliamua kuwa mchezaji wa kulipwa. Ulikuwa wakati mgumu wa uchumi Marekani na zawadi zilikuwa ndogo. Alisafiri kwenye mashindano, akaishiwa pesa, akarudi Texas kufanya kazi za hapa na pale, akajaribu tena, akaishiwa tena. Mwaka 1935 alimwoa Valerie Fox, na kuanzia hapo walisafiri pamoja.

Siku mbaya inayosimuliwa sana ni ya mwanzoni mwa 1938, mjini Oakland, California. Walikuwa wamebakiwa na pesa kidogo mno. Asubuhi moja Hogan alitoka hotelini akakuta magurudumu ya nyuma ya gari lake yameibwa. Aliomba lifti hadi uwanjani, akacheza, akapata zawadi ya kutosha kuendelea na safari. Kama angekosa siku ile, huenda jina lake tusingelijua.

Wakati huo rafiki yake wa utotoni, Byron Nelson, aliyekuwa kedi pamoja naye Glen Garden, alikuwa tayari bingwa. Hogan alikuwa bado anapambana na mpira unaojipinda kushoto. Ushindi wake wa kwanza akiwa peke yake aliupata Machi 1940, huko Pinehurst, North Carolina. Ilikuwa imepita miaka 10 tangu aanze kulipwa. Baada ya hapo alishinda mashindano mawili mengine mfululizo, kana kwamba mlango uliokuwa umekwama umefunguka.

Pigo la nusu

Nini kilibadilika? Hogan alikuwa amegeuza mazoezi kuwa kazi ya kutwa. Zama zile wachezaji wengi walipiga mipira michache kabla ya shindano na kuona inatosha. Yeye alibaki uwanjani saa nyingi, akianza na fimbo fupi za umbali mdogo na kupanda taratibu hadi ndefu. Alijichunguza kiungo kwa kiungo: vidole vinashikaje, kiwiko kinaelekea wapi, nyonga zinageuka lini.

Mwaka 1957 aliyaandika aliyoyagundua katika kitabu cha masomo matano, akishirikiana na mwandishi Herbert Warren Wind. Kitabu hicho bado kinasomwa na walimu wa gofu. Ndani yake kuna zoezi la pigo la nusu, ambalo tunalieleza hapa kwa maneno yetu.

Simama miguu ikiwa imeachana kama upana wa mabega. Shika fimbo kwa mikono miwili, viwiko vikiwa karibu na mbavu. Zungusha fimbo hadi usawa wa kiuno upande wa kulia, kisha irudishe hadi usawa wa kiuno upande wa kushoto. Mikono peke yake isifanye kazi. Mwili ndio unaogeuka, na mikono inafuata kwa sababu imeungana nao. Rudia mara nyingi bila mpira, hadi mwili uzoee.

Aliyewahi kufyeka majani kwa fyekeo ataelewa haraka. Anayefyeka kwa nguvu za mkono tu huchoka mapema na majani yanabaki. Mzoefu hugeuza kiuno, na fyekeo linakwenda lenyewe. Katika gofu pia, wakati wa kushuka, nyonga hutangulia, mwili unafuata, kisha mikono, na fimbo inafika mwisho. Mtu anayerusha jiwe mbali hufuata mpangilio huohuo bila kufundishwa.

Pigo la nusu likitulia, mwanafunzi hulirefusha: kutoka kiunoni hadi kifuani, kutoka kifuani hadi begani, na mwishowe pigo kamili. Hogan alieleza kwamba pigo kamili ni lile la nusu lililoendelezwa tu. Kwa hiyo kila hatua ina mtihani wake. Pigo likiharibika baada ya kurefushwa, mwanafunzi anarudi kwenye hatua iliyotangulia, kwa sababu kosa linaonekana vizuri likiwa bado dogo. Msikilizaji anayetaka kujaribu anaweza kutumia fimbo ya kawaida, mradi ahakikishe kwanza hakuna mtoto aliyesimama karibu.

Kwa Hogan mwenyewe dawa kamili ilichelewa. Baada ya kutumikia jeshi katika vita vya pili vya dunia, mwaka 1946 alibadilisha mkao wa mkono wake wa kushoto kwenye fimbo, na mpira ukaacha kukimbilia kushoto. Mwaka huohuo alishinda ubingwa wake wa kwanza mkubwa, ule wa wachezaji wa kulipwa wa Marekani. Mwaka 1948 aliushinda tena, na akaongeza mashindano ya wazi ya Marekani, yaani US Open.

Basi ndani ya ukungu

Tarehe 2 Februari 1949, Ben na Valerie walikuwa njiani kurudi nyumbani Fort Worth. Karibu na Van Horn, Texas, barabara ilikuwa imefunikwa na ukungu mzito. Basi la abiria lililokuwa likilipita lori likawajia uso kwa uso. Hogan aliuachia usukani na kujirusha kifuani kwa mkewe ili amkinge. Nguzo ya usukani ikatoboa kiti alichokuwa amekalia sekunde chache kabla. Kumwokoa mke ndiko kulikomwokoa na yeye.

Valerie alipata majeraha madogo. Ben alivunjika nyonga, mtulinga, ubavu na kifundo cha mguu. Akiwa hospitalini El Paso, damu ilianza kuganda kwenye miguu, na mabonge yalikuwa yakipanda kuelekea mapafuni. Daktari bingwa wa upasuaji, Alton Ochsner, aliletwa kwa ndege ya jeshi kutoka New Orleans, akaufunga mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka miguuni. Upasuaji huo uliokoa maisha yake, lakini miguu ilimvimba na kumuuma hadi mwisho wa uhai wake.

Alitoka hospitali mwezi Aprili akiwa amekonda sana. Nyumbani alianza kwa kuzunguka chumba, akahesabu mizunguko, kesho yake akaongeza. Kutoka chumbani alihamia nje ya nyumba, na kutoka nyumbani akaenda barabara za mtaani. Mbinu ileile aliyoitumia kwenye pigo sasa ilikuwa ya miguu. Mwezi Desemba alicheza mashimo 18 kwa mara ya kwanza tangu ajali.

Siku ya mashimo 36

Januari 1950 alijitokeza kwenye mashindano ya Los Angeles, akalingana kileleni na Sam Snead, kisha akashindwa katika mchezo wa kuamua mshindi. Wengi waliona hiyo tu inatosha. Swali gumu lilikuwa US Open ya Juni, kwenye uwanja wa Merion, Pennsylvania. Siku ya mwisho ya mashindano hayo wachezaji walitakiwa kucheza mashimo 36, yaani kutembea uwanja mzima mara mbili kwa siku moja.

Hogan alifunga miguu yake kwa bendeji kuanzia vifundoni hadi mapajani. Mchana ulipokwenda sana, kila hatua ikawa ya maumivu, na uongozi aliokuwa nao ukayeyuka. Alifika shimo la mwisho akihitaji kulimaliza kwa mikwaju 4 ili alingane na wenzake wawili. Mkwaju wa pili ulikuwa wa karibu mita 200, kwa fimbo ya chuma ambayo wachezaji wengi huiogopa. Mpira ulifika kwenye majani mafupi yaliyozunguka shimo. Picha iliyopigwa kutoka nyuma yake wakati anamalizia pigo hilo ni miongoni mwa picha maarufu zaidi za gofu. Kesho yake alirudi kwenye mchezo wa kuamua mshindi, akamaliza kwa mikwaju 69, Lloyd Mangum 73 na George Fazio 75. Ilikuwa miezi 16 tangu ajali.

Mwaka 1953 alishinda mashindano makubwa matatu. La tatu lilikuwa la Uingereza, lililochezwa Carnoustie, Scotland, mahali ambapo hakuwahi kucheza. Alifika mapema kuuzoea uwanja. Katika siku zake alipata 73, 71, 70, kisha 68, kila mara bora kuliko iliyotangulia. Hakurudi tena kwenye mashindano hayo. New York walimpokea kwa maandamano barabarani.

Pigo fupi kuliko yote

Maisha yake hayakuishia kwenye sherehe tu. Kadiri umri ulivyosonga, Hogan alipata shida na pigo dogo kuliko yote, lile la kusukuma mpira shimoni kutoka mita 1 au 2. Mtu aliyeweza kuupeleka mpira mita 200 karibu kabisa na alipotaka alisimama juu ya mpira muda mrefu, mikono ikikataa kusogea. Watazamaji walinyamaza kwa huruma. Mwaka 1955 alishindwa US Open na mchezaji asiyejulikana sana, Jack Fleck, na ushindi mwingine mkubwa haukuja.

Alianzisha kiwanda cha fimbo za gofu Fort Worth, na fimbo za kwanza alizikataa zisiuzwe kwa sababu hazikumridhisha. Wengi walimwona mtu mkimya, asiyecheka ovyo. Hata alipoacha mashindano, aliendelea kwenda kwenye uwanja wa Shady Oaks mjini humo, akatafuta kona isiyo na watu, akapiga mipira. Alifariki tarehe 25 Julai 1997 akiwa na miaka 84.

Kwenye viwanja vya mazoezi bado unaweza kumwona mwanafunzi wa siku ya kwanza amesimama viwiko vikiwa mbavuni, akizungusha fimbo kutoka kiuno hadi kiuno bila mpira mbele yake. Huenda hajui jina la Hogan. Lakini akiwa na subira ya kutorefusha pigo kabla ya wakati wake, ataepuka ile miaka 10 ambayo mtoto wa mhunzi aliilipa kwa kukimbilia umbali.