Imani ya Siku za Kazi: Mfano wa Rebmann wa Rabai

Mwanafunzi yeyote wa historia nchini humu humjua Johannes Rebmann kwa tarehe moja: 11 Mei 1848, siku alipouona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Mtihani huuliza hivyo, nasi walimu hufundisha hivyo. Mimi, kwa kuwa taaluma yangu ni isimu, huvutiwa zaidi na miaka 27 iliyofuata, ambayo vitabu vya shule huipita haraka. Naamini huko ndiko Ukristo wake ulikopimwa.

Rebmann alizaliwa mwaka wa 1820 huko Gerlingen, kusini mwa Ujerumani. Mwaka wa 1846 shirika la wamishenari la CMS lilimleta Mombasa, akaungana na Ludwig Krapf, wakaanzisha kituo Rabai. Krapf alikuwa mtu wa mipango mikubwa; mwaka wa 1853, afya ilipomshinda, alirejea Ulaya. Rebmann alibaki. Mwanawe alikufa akiwa mchanga, na mwaka wa 1866 akafiwa na mkewe, Emma. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley aliikanusha habari ya theluji kwa kejeli, nayo haikuthibitishwa mpaka von der Decken alipoukwea mlima huo kwa sehemu mwanzoni mwa miaka ya 1860. Waumini aliowapata Rebmann walikuwa wachache mno.

Je, mtu huyu alifanya nini kila kulipokucha? Aliandika maneno. Alikusanya msamiati wa Kiswahili, wa Kirabai na wa Kinyanja. Lugha hii ya mwisho alifunzwa na Salimini, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Malawi, aliyetekwa akaletwa pwani utumwani. Asiyewahi kutunga kamusi huenda asitambue uzito wa kazi hiyo. Neno moja huulizwa, likasikilizwa, likaulizwa tena katika sentensi nyingine, kisha likafutwa na kuandikwa upya. Hakuna makofi. Zaidi ya hayo, anayeuliza hana budi kukubali kwamba anayejibu ndiye mwalimu. Katika pwani ambako binadamu aliuzwa sokoni, kuketi mbele ya mtumwa kama mwanafunzi kulikuwa ushuhuda mzito kuliko mahubiri mengi.

Simfanyi malaika. Dini ya Wamijikenda aliiona kuwa giza tupu, na wako waliomwona mkaidi. Lakini hata macho yake yalipoingia kiza, hakuiacha kazi. Mwaka wa 1875 aliondoka akiwa kipofu, akiongozwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Alifariki Korntal, Ujerumani, mwaka wa 1876. Kamusi ya Kinyanja ilichapishwa mwaka uliofuata.

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi, makanisa yetu hujaa kila Jumapili. Jumatatu, mzee wa kanisa huingia darasani bila maandalizi na kusahihisha insha kwa kuhesabu kurasa. Naye mwimbaji wa kwaya huingia katika chumba cha mtihani na majibu soksini. Sidhani tumepungukiwa na mahubiri. Tumwige Rebmann katika hili: kuifanya kwa uaminifu kazi ambayo huenda asitokee wa kuisifu, na kumheshimu aliye chini yetu kama mtu awezaye kutufunza.