Usuli wa Mwandishi: Shaaban Robert

Mtahiniwa, kabla ya kuisoma Kusadikika, mfahamu aliyeiandika. Shaaban Robert alizaliwa mwaka wa 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga. Tangu 1926 alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Mkewe Amina alipofariki, alibaki na watoto wa kulea. Hata malezi aliyatia katika kalamu: alimtungia bintiye Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili.

Wachapishaji nao walikuwa mbali. Pambo la Lugha lilichapishwa Johannesburg. Kusadikika, riwaya yake ya kwanza, ilitolewa na Nelson wa Uingereza mwaka wa 1951, naye ana miaka 42. Alifariki 1962. Utubora Mkulima ilitoka 1968, hakuiona.

Ukiulizwa umhusishe mwandishi na Karama, usiorodheshe tarehe tu. Onyesha kwamba Karama anajitetea mahakamani kwa masimulizi na subira, na kwamba aliyemuumba aliijua subira hiyo. Nawe uliye Ndabibi, unayefungua kitabu baada ya kuchota maji na kuwapikia wadogo zako, hoja hii unaielewa kuliko wengi. Iandike kikamilifu.