Nampeyo, mfinyanzi wa Wahopi aliyeendelea kufinyanga bila kuona

Watalii waliofika Grand Canyon, Marekani, mwaka wa 1905 walimkuta mama mmoja ameketi chini akifinyanga vyungu mbele yao. Kampuni ya Fred Harvey ilikuwa imemleta huko pamoja na jamaa yake ili kuvuta wateja. Jina lake Nampeyo. Hakujua kusoma wala kuandika.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1860 katika kijiji cha Hano, kwenye milima mikavu ya Wahopi huko Arizona. Mama yake alikuwa Mtewa, baba yake Mhopi wa kijiji jirani cha Walpi. Nyanya yake upande wa baba ndiye aliyemfundisha kazi ya udongo. Lakini wakati huo vyombo vya bati vya wachuuzi wazungu vilikuwa vimeanza kuingia majumbani, na ufinyanzi ulikuwa unashuka thamani.

Nampeyo aligeukia vigae vya zamani vilivyotapakaa Sikyatki, kijiji kilichoachwa karne nyingi nyuma. Alichunguza udongo wake wa manjano, umbo pana la mitungi, na michoro ya ndege na mabawa. Vitabu vingi vinasema aliamshwa na mtafiti Jesse Walter Fewkes, aliyechimba Sikyatki mwaka wa 1895 na kumwajiri Lesou, mume wa Nampeyo. Sifa hiyo imezidishwa: mama huyo alikuwa ameshaanza kabla, na mfanyabiashara Thomas Keam alikuwa akinunua kazi zake.

Hakutumia gurudumu. Alizungusha kamba za udongo moja juu ya nyingine, akazilainisha, akasugua kwa jiwe hadi zing'ae, akachora kwa brashi ya jani la yuka, kisha akachoma vyungu nje kwa mavi makavu ya kondoo.

Ugonjwa wa trakoma ulimla macho. Kufikia miaka ya 1920 alikuwa karibu haoni kabisa, na mchoro ndio uliopandisha bei ya chungu. Aliendelea kuumba kwa vidole; Lesou na mabinti zake, Annie, Nellie na Fannie, wakachora. Lesou alikufa mwaka wa 1932, naye Nampeyo akamfuata mwaka wa 1942.

Kwa kuwa hakuweka sahihi, majumba ya makumbusho hadi leo yanabishana ni vyungu gani hasa vilitoka mikononi mwake. Vingine vya uzeeni vina majina mawili chini, la Nampeyo na la Fannie, kwa mwandiko wa binti.