H. G. Wells, mwandishi aliyepiganisha vita sakafuni

Herbert George Wells anakumbukwa kwa riwaya zake za kubuni kuhusu sayansi, hasa The Time Machine ya mwaka wa 1895 na The War of the Worlds ya mwaka wa 1898. Wachache wanafahamu kwamba mwandishi huyo Mwingereza ndiye pia aliyeandika kanuni za mchezo wa vita ambazo mtu yeyote angeweza kuzijifunza kwa muda mfupi.

Alizaliwa Septemba 21, 1866 mjini Bromley. Baba yake alikuwa mwenye duka lisiloleta faida, na mama yake baadaye alitumikia katika jumba la matajiri. Akiwa mtoto alivunjika mguu, na siku za kulala kitandani zikamfanya mpenzi wa vitabu. Alifanya uanagenzi katika maduka ya nguo, kazi aliyoichukia, kabla ya kupata nafasi ya kusomea sayansi jijini London chini ya Profesa Thomas Huxley.

Mchezo wake ulianzia Sandgate, kwenye pwani ya kusini mwa Uingereza, alikojenga nyumba na kulea wanawe wawili, George Philip na Frank. Siku moja baada ya chakula cha mchana, mgeni wake, mwandishi Jerome K. Jerome, alielekeza mzinga mdogo wa springi kwa askari wa kuchezea aliyesimama mezani, akamwangusha. Mzaha huo ukageuka mashindano, na mashindano yakahitaji sheria.

Maafisa wa jeshi la Prussia walikuwa na mchezo wao wa vita tangu karne ya 19, wenye ramani na majedwali ya kuchosha. Wells alitafuta wepesi. Mchezo wake haukuwa na miraba kama ya drafti. Askari wa miguu alisogezwa futi 1 na mpanda farasi futi 2, umbali ukipimwa kwa kipande cha uzi. Kila upande ulipewa muda wa kucheza uliohesabiwa kwa saa. Mzinga haukuruhusiwa kufyatuliwa bila askari wanne kuwa karibu nao. Mwanzoni mapigano ya ana kwa ana yaliamuliwa kwa kurusha sarafu, lakini bahati ikapita kiasi, naye akaamua kwamba askari wauane mmoja kwa mmoja. Milima ilikuwa vipande vya mbao na misitu matawi ya miti, kwa hivyo kila nyumba ingeweza kuwa na uwanja wake.

Kanuni hizo alizichapisha mwaka wa 1913 katika kitabu Little Wars. Humo alidai kwamba anayecheza mara tatu au nne huona jinsi vita vya kweli vilivyo upuuzi mkubwa mno kwa akili ya binadamu, na akawashauri wakuu wa majeshi wajaribu mchezo huo badala ya kuwapotezea watu maisha.

Hawakumsikiliza. Mwaka uliofuata Vita Vikuu vya Kwanza vilizuka, vita vilivyofika hadi Taveta na kuangamiza maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki. Jambo la kushangaza ni kwamba Wells mwenyewe aliviunga mkono. Aliandika kwamba kushindwa kwa Ujerumani kungekomesha vita vyote duniani, na mwaka wa 1918 akafanya kazi ya propaganda kwa serikali ya Uingereza. Mtu aliyeona upuuzi huo wazi sakafuni kwake hakuuona ulipovaa bendera ya nchi yake.

Baadaye matumaini hayo yalimwisha. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza alijitosa kuandika juu ya haki za binadamu. Aliishi kuona Hiroshima ikiteketezwa mwaka wa 1945 kwa bomu la atomiki, silaha aliyoibuni katika riwaya yake ya 1914. Aliaga dunia nyumbani kwake London mnamo Agosti 13, 1946, akiwa na umri wa miaka 79. Wachezaji wa vita vya mezani bado hupima hatua za askari wao kwa rula na futikamba, kama alivyopima yeye kwa uzi.